Tafi wa Mafia Hawatajaza Madema ya Lamu

Imani ya kwamba bahari haiishi imekaa pwani yetu kwa muda mrefu. Samaki wakiadimika Lamu, husemwa wamehama na watarudi. Mwamba ukivuliwa mpaka ukabaki mtupu, husemwa mkondo utaleta wengine kutoka kusini. Siku hizi imani hiyo imepata shahidi mpya kutoka maabara. Tafiti nyingi za vinasaba vya samaki wa miamba ya matumbawe zimekuta kwamba samaki wa aina moja, waliovuliwa mahali palipoachana kwa mamia ya kilomita, wanafanana sana kijeni, kiasi kwamba mtaalamu hawezi kuwatenga katika makundi mawili. Kutoka hapo watu hufika haraka kwenye kauli kwamba hao wote ni hazina moja, na pakivuliwa sana hapa patajazwa na pale. Kauli hiyo ndiyo ninayoipinga. Kufanana kwa jeni kunatuambia kwamba samaki hawa ni ndugu. Hakutuambii kwamba ndugu wa mbali atajaza dema la mvuvi mwaka huu wala mwaka ujao, na anayepanga uvuvi kana kwamba mambo hayo mawili ni mamoja anawapeleka wavuvi kwenye njaa kwa jina la sayansi.

Tumtazame samaki mwenyewe kwanza. Tafi, ambaye wengine humwita tasi au chafi, hupatikana upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi tu, na ni miongoni mwa samaki wanaobeba riziki ya wavuvi wadogo kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Akishakua hazunguki mbali. Hula majani ya bahari na mwani ndani ya mwamba, na wakati wa kutaga hukusanyika na wenzake mahali maalumu. Chewa na changu nao, kila mmoja kwa tabia yake, ni wenyeji wa miamba yao. Safari ndefu katika ukoo wa samaki hawa hufanywa na mtoto. Mayai ya chewa huelea. Ya tafi hunata chini. Lakini yote yakianguliwa hutoa lava, kiumbe mdogo mwenye mwili wa kung'aa kama maji, anayeishi katika bahari ya wazi kwa wiki kadhaa kabla ya kutafuta mwamba au majani ya kutulia. Kwa chewa wengi maisha hayo yanapita mwezi mmoja. Kwa hiyo swali zima la nani anamlisha nani baharini ni swali la lava: anakwenda umbali gani, na wanafika wangapi?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa la kukisia. Mwezi mzima majini, mkondo unaokwenda kasi, basi lava atafika mbali. Na vipimo vya jeni vilipoonyesha kufanana, kisio likaonekana kuwa ukweli. Kasoro iko kwenye hesabu ya urithi. Tangu miaka ya 1930 mwanajenetiki wa Marekani Sewall Wright alionyesha kwamba makundi mawili ya viumbe hayahitaji kubadilishana wageni wengi ili jeni zao ziendelee kufanana. Kwa kanuni ya jumla, mgeni mmoja kwa kila kizazi, akifika na kuzaa na wenyeji, anatosha kuzuia makundi hayo yasiachane sana. Wakifika kumi au ishirini, vipimo vya kawaida haviioni tena tofauti. La kushangaza ni kwamba idadi hiyo haitegemei ukubwa wa kundi. Kundi la samaki elfu moja na kundi la samaki milioni kumi yanatosheka na wageni wale wale wachache, kwa sababu jeni za kundi kubwa hubadilika kwa bahati nasibu polepole mno, na wageni wachache huisawazisha tofauti hiyo ndogo kabla haijawa kubwa.

Sasa chukua mwamba uliovuliwa hadi akabaki samaki mmoja kati ya kila kumi waliokuwapo. Ili mvuvi apate tena riziki, mwamba huo unahitaji maelfu ya samaki wachanga wanaotua kila mwaka, wanaponyoka kuliwa, na kukua. Wageni kumi kutoka mbali watamridhisha mtaalamu wa jeni, lakini hawatoshi kitoweo cha jioni cha nyumba tatu. Familia za Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja na Kilwa zimeoana kwa karne nyingi, na undugu wao ni wa kweli. Hakuna anayedhani kwa sababu hiyo kwamba chungu kilichoinjikwa Kilwa kitawashibisha watu wa Lamu. Undugu huletwa na harusi chache. Shibe huhitaji chungu kiwe jikoni kwako kila siku. Kwa samaki, chungu hicho ni samaki wazazi walio karibu.

Kuna jambo la pili ambalo wasomaji wa haraka wa tafiti hizi huliruka, nalo ni umri wa kumbukumbu inayobebwa na vinasaba. Miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati sehemu kubwa ya maji ya dunia ilikuwa imeganda kuwa barafu, bahari ilikuwa chini kwa karibu mita 120 kuliko leo. Miamba na mafungu mengi tunayovua sasa yalikuwa nchi kavu. Unguja ilikuwa imeungana na bara, na Mafia vivyo hivyo, huku Pemba ikibaki kisiwa kwa sababu ya kina cha mkondo wake. Maji yalipopanda, samaki walienea upya kwenye miamba iliyokuwa ikijijenga, na wote waliotoka katika makimbilio yale yale walibeba jeni zile zile. Ukiwapima leo ukakuta wanafanana, sehemu ya unachokiona ni habari za enzi hizo. Kipimo cha aina hiyo hakiwezi kukuambia kama kati ya mwaka jana na mwaka huu lava wowote walivuka kutoka Mafia hadi Lamu, mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Juya, kwa upande wake, linaweza kuumaliza mwamba ndani ya misimu michache, na jeni za samaki waliobaki zisionyeshe badiliko lolote la kutisha. Kwa hiyo meneja wa uvuvi anayesubiri vinasaba vimwonye kwamba mwamba umekauka atasubiri mpaka hakuna wa kuonywa.

Tena, hata huko kufanana kwenyewe mara nyingine ni upungufu wa darubini. Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua unatoka bahari ya Karibi, kwa chewa anayeitwa Nassau, samaki aliyekuwa uti wa mgongo wa uvuvi wa visiwa vingi vya huko. Tafiti za mwanzo, zilizotumia alama chache za jeni, hazikuona mgawanyiko wowote, na ilikuwa rahisi kuamini kwamba Karibi nzima ina kundi moja. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi iliyopima samaki 620 kutoka maeneo 19 ya nchi 9 kwa alama nyingi zaidi, na mgawanyiko ukaonekana: samaki wa Bahama hawakuwa sawa na wa pwani ya Amerika ya Kati, na baadhi ya mikondo iliyodhaniwa kuwa daraja ilikuwa ukuta. Wakati elimu hiyo inafika, mikusanyiko mingi ya kutaga ya chewa huyo ilikuwa imekwisha kuvuliwa hadi ikapotea, na leo yumo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sisemi kwamba vipimo vya zamani ndivyo vilivyomuua. Aliuawa na uvuvi wa kumfuata alikokwenda kutaga. Lakini dhana ya hazina moja kubwa isiyo na mipaka haikumsaidia hata kidogo.

Njia ya kweli ya kujua lava wanakwenda wapi ni kumtafuta mtoto na mzazi wake, mmoja mmoja. Kipimo ni kile kile kinachotumika mahakamani kumthibitisha baba wa mtoto, na katika miaka ya karibuni kimefanyiwa kazi baharini. Katika kisiwa cha Manus, Papua New Guinea, wavuvi wa kienyeji walishirikiana na watafiti kuwavua chewa waliokusanyika kutaga kwenye mazalia yao. Kila samaki alikatwa kipande kidogo cha pezi, kikatiwa katika kichupa, na samaki akarudishwa majini akiwa hai. Wazazi 416 walichukuliwa alama kwa namna hiyo. Miezi iliyofuata watu walipita kwenye miamba ya jirani hadi umbali wa kilomita 33 wakikusanya chewa wachanga, wakapata 782, na vinasaba vikaulizwa: nani mtoto wa nani? Vijana 76 walipatikana kuwa watoto wa wazazi wale wa mazalia yale yale. Kutokana na mtawanyiko wao ilikadiriwa kwamba nusu ya lava hutua ndani ya kilomita 14 kutoka walikotagwa, na asilimia 95 ndani ya kilomita 33. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Fikiria maana ya kilomita 14 kwa mvuvi mwenye ngalawa. Huo ni umbali anaoutweka na kurudi kwa siku moja. Kule Manus kila jamii ina eneo lake la bahari kwa mila, na utafiti ulionyesha kwamba mazalia yaliyo ndani ya eneo la jamii moja yalikuwa yakitoa kati ya asilimia 17 na 25 ya chewa wachanga wa jamii hiyo yenyewe, na sehemu isiyo ndogo kwa majirani pia. Yaani aliyelinda mazalia alikuwa akijilipa mwenyewe kwanza, kisha anamlipa jirani. Hapo mvuvi hakuambiwa ajinyime kwa ajili ya dunia au kwa ajili ya watalii. Aliambiwa, kwa ushahidi wa damu, kwamba samaki wa mtoto wake watatoka kwa samaki anaowaacha yeye.

Mwaka mmoja kabla, huko Australia, katika visiwa vya Keppel vilivyo kusini mwa Tumbawe Kuu la Australia, kipimo hicho hicho kilitumiwa kwa aina moja ya chewa na aina moja ya samaki wa ukoo wa tembo. Huko maeneo yaliyofungwa kwa uvuvi ni asilimia 28 tu ya miamba ya visiwa hivyo, lakini yalikadiriwa kutoa karibu nusu ya samaki wachanga wote waliotua ndani ya kilomita 30, katika miamba iliyofungwa na iliyo wazi. Kwa chewa, asilimia 83 ya watoto waliotambuliwa kuwa wa wazazi wa hifadhi walikutwa kwenye miamba inayovuliwa. Hizo ni takwimu zinazostahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya uvuvi ya pwani, maana zinajibu manung'uniko ya siku zote kwamba hifadhi huwafungia samaki ndani. Wazazi ndio wanaobaki ndani, na watoto hutoka.

Najua atakayesema: kama mkondo unachukua lava mwezi mzima, iweje watue karibu hivyo? Lava si taka inayoelea. Siku za kwanza ni dhaifu, kweli, lakini baada ya wiki moja au mbili huogelea kwa nguvu inayoshangaza kwa mwili ule, huchagua kina chenye mkondo unaomfaa, hunusa harufu ya mwamba, na husikia mlio wake, kwa sababu mwamba wenye uhai una kelele za kamba na samaki usiku kucha. Nyuma ya visiwa na katika ghuba maji huzunguka badala ya kwenda moja kwa moja, na lava aliye humo hubaki jirani. Wengine hupotea mbali, na kati yao wachache hufika na kuzaa. Hao ndio wale wageni wa Wright, wanaotosha kutunza undugu wa jeni. Mambo mawili yaliyoonekana kupingana, jeni kufanana kwa mamia ya kilomita na watoto kutua ndani ya makumi, yanaishi pamoja bila ugomvi.

Hoja nzito zaidi ni kwamba Manus si Msambweni, na Keppel si Kilwa. Hoja hiyo ni ya haki. Pwani yetu ina mkondo unaoelekea kaskazini mwaka mzima kwa upande wa Tanzania, wenye kasi kubwa wakati wa kusi, na wakati wa kaskazi hukutana na maji yanayoshuka kutoka Somalia karibu na pwani ya juu ya Kenya. Huenda hapa lava wakachukuliwa mbali zaidi kuliko kule. Tena tafi anataga kwa namna tofauti na chewa, kwa hiyo umbali wake hauwezi kukopwa kwa chewa. Hata ule utafiti wa Manus ulitafuta watoto hadi kilomita 33 tu, na waliovuka mpaka huo hawakuweza kuonekana moja kwa moja. Sehemu hiyo ya mwisho ni ya kukadiria. Yote nayakubali. Lakini tazama mambo hayo yanatupeleka upande gani. Kama mkondo wetu unawasukuma lava kaskazini, basi wazazi wa Tanga na Pemba wana thamani kwa mvuvi wa Vanga na Shimoni, na mvuvi huyo ana kila sababu ya kutaka mazalia ya upande wa pili wa mpaka yalindwe. Na kama hauwasukumi mbali, basi kila kijiji kinakula kutokana na mazalia yake. Katika hali zote mbili wazazi lazima wabaki. Haipo hali hata moja kati ya hizo inayoruhusu kuvua mazalia na kungojea mkondo ulipe deni.

Suala la mpaka linastahili kutazamwa kwa ukaribu zaidi ya hapo. Kati ya Vanga na Tanga kuna chini ya kilomita 50 za bahari, umbali ambao kwa mizani ya Manus ni ujirani kabisa. Kenya ina Hifadhi ya Kisite mbele ya Shimoni. Tanzania ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapo Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009. Serikali hizi mbili zimekuwa na mpango wa eneo la pamoja la hifadhi ya bahari mpakani, na mpango umezungumzwa kwa miaka mingi. Kinachokosekana katika mazungumzo hayo ni swali ambalo vinasaba pekee vinaweza kulijibu: mtoto wa tafi aliyetua kwenye majani ya Vanga, mamake yuko wapi? Bila jibu hilo, mistari ya hifadhi huchorwa kwa kufuata mipaka ya utawala na urahisi wa doria. Ukiwa na jibu, unaweza kumwambia waziri wa nchi moja kwamba mwamba fulani wa nchi nyingine unalisha wapiga kura wake, na hiyo ni lugha inayosikika.

Sasa nifike kwenye pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Mvuvi atasema: nyinyi mnazungumza habari za mazalia na vinasaba, mimi leo jioni watoto wangu watakula nini? Kwa mtu mwenye mtumbwi na madema sita, mazalia ndiyo siku yake ya kuvuna. Tafi huja kwa wingi na mahali panajulikana, na mtego mmoja hujaa. Huko Ushelisheli, katika kisiwa cha Praslin, wavuvi wa madema wamefuata mikusanyiko ya tafi kipindi cha mwezi mpevu kwa vizazi. Mpasue tafi jike aliyevuliwa siku hizo, na tumbo lake zima limejaa mayai, utumbo umesukumwa pembeni; na mwenye kununua hufurahia, kwa sababu mayai ni matamu. Kumwambia mvuvi aache hilo ni kumwomba jambo zito, na kila hifadhi ya pwani yetu iliyotangazwa bila kumsikiliza imelipa gharama ya uhasama, boti za doria na kesi zisizokwisha.

Jibu langu ni kwamba sayansi hii, ikisomwa sawasawa, inampunguzia mvuvi mzigo. Dhana ya hazina moja kubwa hudai sheria kubwa: mafungio ya pwani nzima, makatazo yanayotoka mji mkuu, ambayo faida yake mvuvi haioni. Ushahidi wa utuaji wa karibu unaruhusu mafungio madogo, ya siku chache, mahali palipochaguliwa na wavuvi wenyewe, na faida ikarudi hapo hapo. Kuruwitu, huko Kilifi, wavuvi walijitengea eneo la hekta 30 hivi mwaka 2005 na kuliacha lipumue, wala hawakusubiri amri ya mtu. Majaribio ya madema yenye mianya ya kuwatoa samaki wachanga, yaliyofanywa katika pwani ya Kenya, yalionyesha kwamba mvuvi hakupoteza kipato. Samaki wadogo walitoka, waliobaki walikuwa wakubwa na fedha ikaongezeka. Katika visiwa vya Cayman, wavuvi waligundua mwaka 2001 mkusanyiko wa chewa wa Nassau katika kisiwa kidogo cha Little Cayman, na kwa misimu miwili wakatoa samaki wapatao 4,000. Mwaka 2003 serikali ikafunga. Haikuwa dawa ya haraka, kwa kuwa chewa hukua taratibu, lakini baada ya takriban miaka 15 idadi yao ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu. Tafi anakua upesi kuliko chewa kwa mbali sana. Malipo yake hayawezi kuchelewa kiasi hicho, na hiyo ndiyo sababu ningependa aanze yeye.

Ipo sauti nyingine inayosema vinasaba ni anasa ya nchi tajiri. Tupeni boti, barafu na bei nzuri kwanza. Barafu inahitajika, na mama karanga anayekaanga samaki waliokwisha kulegea kwa joto anajua hivyo kuliko mwandishi yeyote. Lakini boti kubwa na jokofu kwenye mwamba usio na wazazi ni njia ya kumaliza mapema kilichobaki. Na gharama ya kazi hii si ya kutisha kama zamani. Kipande cha pezi kinakatwa dikoni na mkasi, kinahifadhiwa kwenye spiriti, na mvuvi aliyefundishwa asubuhi moja anaweza kuifanya. Taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya ipo Mombasa; ya uvuvi ya Tanzania ipo Dar es Salaam; Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja. Watu wapo. Kinachotakiwa ni kuacha kupima samaki wachache kutoka miji mikubwa mitatu na kutangaza kwamba wote ni wamoja, badala yake tupime mamia ya wazazi na watoto kutoka miamba iliyo jirani.

Na tusidhani kwamba wingi wa samaki waliobaki unatulinda dhidi ya hasara ya jeni zenyewe. New Zealand, ambayo haimo katika ukanda wa joto lakini ina kumbukumbu nzuri, ilikuwa imehifadhi magamba ya samaki waliovuliwa katika ghuba ya Tasman tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta aina za jeni zikipungua kadiri uvuvi ulivyoendelea, ingawa ghuba ilikuwa bado na mamilioni ya samaki. Idadi ya wazazi waliofaulu kurithisha, kwa makadirio ya wachunguzi, ilikuwa mamia tu. Baharini wengi hutaga na wachache ndio watoto wao huishi. Ukiondoa wazazi wakubwa kila mwaka, unapunguza nafasi ya hao wachache kupatikana, na jeni iliyopotea hairudishwi kwa amri ya serikali.

Kwa hiyo rai yangu kwa idara za uvuvi za Nairobi, Dodoma na Zanzibar ni hii. Acheni kutumia neno hazina moja katika mipango ya samaki wa mwambani mpaka mmewapima watoto na wazazi wao. Anzeni na tafi, kuanzia Msambweni hadi Tanga na ng'ambo hadi Pemba, katika misimu miwili ya kutaga, na vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe (BMU) vya pande zote mbili viwe washirika wa kukata mapezi na kusoma matokeo, si wa kupokea semina. Waulizeni wazee mazalia yako wapi, maana ni wavuvi waliowaonyesha watafiti mazalia ya tafi ya Msambweni, na wavuvi wa Mafia na Unguja nao wanayajua ya kwao. Kazi ya maabara itachukua miaka. Lakini mazalia yanayojulikana yanaweza kufungwa kwa siku za kutaga kuanzia msimu ujao, kwa makubaliano ya vijiji vinavyoyavua, na siku hizo ziwe zile zile upande wa Kenya na upande wa Tanzania.